Kwa Nini Mzee Salesio Njeru Anazikwa Mwirine

Kabla sijasoma tarehe yoyote, acheni nijibu swali ambalo nimeulizwa tangu asubuhi, mara tatu pale langoni na mara moja nikiwa kwenye foleni ya choo. Kwa nini mtu wa Ishiara, mwenye shamba la baba yake na ukoo mzima huko Mbeere Kaskazini, anazikwa hapa Mwirine, Meru, chini ya Kinoru, upande wa ukweni, hatua kumi na moja kutoka kwa ua wa kiwanja cha taka? Jibu limo ndani ya maisha yake na nitalifikia. Mimi ni Kanini, kifungua mimba wake. Ni mwalimu, na nimezoea watu wasiotulia. Tulieni.

Marehemu Salesio Njeru Nyamu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1950, nje kidogo ya soko la Ishiara. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Nyamu na marehemu Mama Kanini, ambaye nilirithi jina lake pamoja na mdomo wake. Nyuma yake walizaliwa Gichovi na Ciku, ambao tunao hapa leo. Nyumbani kwao walilima mtama, kunde na ndengu, na walifuga mbuzi. Marehemu alipenda kutuambia kwamba hakujua takataka ni nini mpaka alipokuwa mtu mzima. Samadi ilienda shambani. Majivu yalichanganywa na ndengu ili wadudu wasizitoboe. Maganda yaliliwa na mbuzi. Kibuyu kikipasuka kilishonwa, na kikishindikana kushonwa kilikatwa kikawa chombo cha maji ya kuku. Mama yake alikuwa akifagia uwanja kila asubuhi, na alichozoa kilitosha kiganja kimoja.

Alianza shule ya msingi Ishiara mwaka 1960, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1966 na kupita vizuri, hasa katika hesabu. Mwaka uliofuata alijiunga na shule ya sekondari mjini Embu. Alisoma kwa miaka miwili tu. Mwishoni mwa 1968 baba yake alifariki, naye akarudi nyumbani kumsaidia mama kulea Gichovi na Ciku. Hakuwahi kulalamika juu ya jambo hilo mbele yetu, lakini daftari zake za sekondari alizihifadhi mpaka juzi. Tumezikuta sandukuni, zimefungwa kwa kamba ya katani.

Jumatatu tarehe 1 Machi 1971, kwa msaada wa mjomba wake Mutugi, aliandikwa kazi ya usafi wa mji wa Nairobi. Alipewa ufagio, viatu vya mpira na toroli. Aliandika barua nyumbani kusema amepata kazi mjini, na akasahau kwa makusudi kusema ni kazi gani. Mutugi alipokuja likizo akasema yote. Watu walimhurumia nyanya yangu, lakini yeye aliwajibu kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, akaendelea kupepeta mtama wake.

Wakati huo Nairobi ilikuwa na watu kama nusu milioni. Mitaa mingi ilikuwa na mapipa ya chuma yenye vifuniko, na lori lilipita kwa siku yake likiwa na wanaume wanne nyuma. Marehemu alipohamishiwa kwenye lori alianza desturi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila Jumatatu, kabla ya zamu, alichagua pipa moja, akalimwaga juu ya gunia na kulichambua kwa mikono. Kisha aliandika kwenye daftari alichokikuta. Wenzake walimwita Daktari, na hawakuwa wakimsifu.

Daftari hizo ninazo. Mwaka 1972 pipa lilikuwa na majivu ya makaa, maganda ya viazi, majani ya migomba, mifupa na kipande cha gazeti. Aliandika pembeni: "Hili lingefaa shamba la mama." Miaka ya themanini ilipoanza, makopo na chupa viliongezeka. Miaka ya tisini ilipofika, kila kitu kilikuwa kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Mji uliongezeka watu haraka kuliko magari ya kubeba uchafu wao. Vijana wa mitaani walianza kuzoa taka wenyewe nyumba kwa nyumba, na watu binafsi wakaleta magari yao. Kuna vitabu vinavyoeleza historia hiyo kwa takwimu. Sisi tunayo kwa mwandiko wa mtu aliyeishika kwa mikono.

Kuanzia miaka ya sabini taka za Nairobi zilikuwa zikimwagwa katika machimbo ya zamani ya mawe kule Dandora. Marehemu aliwekwa huko kwa miaka kadhaa, kazi yake ikiwa kuandika malori yanayoingia. Huko aliwakuta watu waliokuwa wakiokota chuma, chupa na karatasi ili waishi. Wengi waliwaita kwa majina ya matusi. Yeye aliwaita kwa majina waliyopewa na mama zao, na alisema kila alichokijua kuhusu kutenganisha taka alifundishwa na wao, si na mkubwa wake yeyote.

Desturi hiyo ya Jumatatu aliileta nyumbani pia, na hapo ndipo mimi naye tulipokosana. Nilikuwa darasa la sita. Nilipata alama thelathini na moja katika hesabu, nikaichana karatasi vipande vinne, nikaifunga ndani ya maganda ya ndizi na kuitupa. Jumatatu jioni nilirudi nikaikuta mezani. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa na kuunganishwa kwa uji wa unga. Hakunichapa. Alisema, "Kanini, kitu ukikitupa hakijaisha. Kimehama tu." Kisha tukafanya hesabu zote upya mpaka chakula kikapoa. Leo ninafundisha hesabu.

Alimpata mama yetu, Kajuju, mwaka 1976. Mama alikuwa akiuza mboga sokoni Nairobi. Siku moja marehemu alikataa kubeba fungu lake la taka kwa sababu alikuta chupa iliyovunjika katikati ya majani ya kabichi. Mama akamuuliza mbele ya soko zima, "Wewe ni mfagiaji ama ni hakimu?" Mama aliitoa chupa ile, lakini alihakikisha kila mtu amesikia maoni yake. Mwaka mmoja baadaye wazee wa Ishiara walikuja huku Imenti, Meru, kwa ajili ya posa.

Babu yetu, marehemu Mzee Murithi, alimuuliza kijana afanya kazi gani.

"Ninaondoa uchafu wa Nairobi."

"Unaupeleka wapi?"

"Shimoni."

"Na shimo likijaa?"

Marehemu alituambia kwamba uji aliokuwa amepewa ulikuwa wa moto sana, lakini aliunywa wote papo hapo ili asijibu. Hata hivyo alipewa mke. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1977 katika kanisa la Methodist hapa Meru, na Mungu akawajalia watoto watatu: mimi, Nyamu na Murithi. Swali la babu lilimkera kwa miaka zaidi ya ishirini. Alikuwa mtu wa kukerwa na jambo mpaka alifanyie kazi.

Alistaafu mwaka 2001 baada ya miaka thelathini. Mama alitaka kuwa karibu na mama yake mzazi, kwa hivyo wakahamia Meru na kupanga nyumba karibu na Kinoru. Tulidhani atapumzika. Wiki ya pili alikuwa soko la Gakoromone na daftari, akiangalia majani ya migomba yaliyofungiwa miraa yakitupwa, na kabichi zilizooza, na maganda ya ndizi marundo kwa marundo. Alisema ni pipa la mwaka 1972 limerudi, ila mara hii anajua la kufanya. Pamoja na akina mama wa soko alianza kutengeneza mboji kwenye kipande kidogo nyuma ya vibanda. Wakulima wa viazi na kahawa walianza kuifuata. Kufikia mwaka 2011 nafasi ilikuwa imekwisha, na kikundi kikaomba kiwanja hiki. Wakuu wa mji walikubali, mradi wenyeji wakubali.

Wenyeji hawakukubali. Baraza lilifanyika Jumamosi tarehe 19 Novemba 2011, pale kwenye uwanja wa shule. Aliyesimama kuwasemea watu ni jirani yetu Mama Kagure, ambaye ameketi hapa mstari wa mbele na ameniruhusu niseme yote.

"Mzee, wacha nikuambie ukweli," alisema. "Wewe kwenu ni Ishiara. Utatumwagia uchafu hapa, uchukue jina la mtu wa development, halafu urudi kwenu ukakae na hewa safi. Sisi ndio tutabaki na nzi na watoto wakikohoa. Hiyo ni haki kweli?"

Watu walipiga makofi. Marehemu alisimama na kofia mkononi.

"Mama, umesema vizuri," akajibu. "Sitarudi. Nitajenga hapa hapa kwa ua. Nitalala hapa, nitakula hapa. Na siku yangu ikifika, mnizike hapa hapa, muone kama nimewaletea uchafu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko, kwa sababu kila mtu alijua mambo ya kwetu. Mwanamume hazikwi ukweni. Anazikwa kwenye ardhi ya baba yake, na anayezikwa kwa wakwe huonekana kama mtu asiye na kwao. Lakini Mama Kagure hakucheka. Alisema, "Hiyo nimesikia. Na hawa wote ni mashahidi." Ndivyo Baba alivyopewa kiwanja. Alinunua robo ekari iliyopakana nacho, na mwaka 2012 akajenga nyumba hii mnayoiona.

Baba alikosea mara moja, na yeye mwenyewe angenikasirikia nikificha. Jumamosi moja, Machi 2013, lori lilileta mabaki ya chakula cha harusi, wali na chapati, vyote vikiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Dereva alikuwa na haraka na mvua ilikuwa inakuja. Baba alisema, "Mwaga tu, tutachambua Jumatatu." Zaidi ya miaka arobaini alichambua Jumatatu, na akili yake haikuweza kufikiri siku nyingine. Jumapili, tulipokuwa kanisani, ng'ombe wa Mama Kagure alipita penye ua uliolegea, akafuata harufu ya wali na kumeza mifuko pamoja nao. Alikufa Alhamisi. Daktari wa mifugo alimpasua mbele ya watu, na alichokitoa tumboni kilijaa karai.

Siku hiyo kiwanja kingefungwa, tena kwa haki. Vijana walikuwa tayari wameleta mnyororo. Baba hakumlaumu dereva wala mvua. Alitafuta wazee watatu, akaenda kwa Mama Kagure akiwa na mtamba wake wa pekee, akakaa alipoonyeshwa akae, akasema, "Kosa ni langu. Niliacha kazi ya leo nikaiweka Jumatatu." Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alimkabidhi ufunguo wa lango. "Mama, wewe ndiwe utakuwa ukifungua. Siku ikinuka, funga, na usiniulize."

Alifunga mara mbili, mwaka 2014 na mwaka 2016. Mara zote mbili Baba alitii bila neno, akarekebisha, akasubiri afunguliwe kama mtu mwingine yeyote. Tangu siku ya ng'ombe yule hakuna taka iliyolala hapa bila kuchambuliwa. Lori lisilo na magunia matatu, la vinavyooza, la plastiki na la vyuma na chupa, lilirudishwa langoni. Madereva walimtukana sana. Tarehe 28 Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, alivaa suti ya harusi ya Nyamu akaenda sokoni kusalimia watu. Na mwaka 2022, sheria ilipokuja kutaka taka zitenganishwe tangu nyumbani, aliisoma yote kwa miwani, akasema, "Wamechelewa, lakini wamefika."

Afya yake ilianza kudhoofika katikati ya mwaka 2023. Moyo ulikuwa umepanuka, na miguu ilivimba. Alitibiwa hapa Meru na baadaye Embu, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, kwa sababu hakuwa mgonjwa rahisi. Alimuuliza kila muuguzi sindano zikishatumika zinaenda wapi. Mmoja alimwambia, "Mzee, hiyo wachia county, wewe meza dawa." Alicheka mpaka mashine ikalia. Krismasi alikuwa nyumbani, akala na wajukuu wake wote. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, Mama akiwa amemshika mkono, alilala katika Bwana akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Sasa nimefika kwenye jibu. Mwili wa Baba ulikuwa haujapoa wazee wa ukoo walipopiga simu kutoka Ishiara. Baba mdogo Gichovi alisema, na alikuwa na haki ya kusema, "Mtoto wa Nyamu anazikwa kwa Nyamu. Hatutamwacha kakangu ukweni kama mtu tuliyemfukuza." Sisi watoto tuligawanyika. Nyamu alikuwa upande wa ukoo. Mimi nilikuwa upande wa Baba. Murithi alikuwa analia tu. Mama alikataa kusema lolote, kwa sababu alijua angeambiwa anataka kumng'ang'ania mume kwao. Na nikiri, nilianza kukata tamaa. Niliona Baba atabebwa kwenda Ishiara, na watu wa hapa waseme walijua tangu mwanzo.

Jumapili tarehe 12, baada ya ibada, Mama Kagure aliniuliza njia ya kwenda Ishiara. Ana miaka themanini na moja na magoti mabaya. Alienda na majirani sita. Walipokelewa, wakapewa chai, wakaulizwa wanataka nini. Gichovi mwenyewe ndiye aliyenisimulia maneno ya mama huyo, naye hupenda kusimulia kwa ufupi.

"Mimi ndio nilimwambia atatukimbia," Mama Kagure alisema. "Akaahidi mbele ya kijiji. Miaka kumi na mitatu nimengoja nione. Hajakimbia. Sasa nyinyi mkimchukua, mtamfanya mwongo, na yeye hawezi kuamka ajitetee. Tafadhali. Mtu huyo hakuwa mwongo."

Gichovi alisema ataenda kujionea. Alikuja Jumanne bila kutuambia, saa sita mchana, jua kali, saa ambayo kiwanja chochote cha taka husema ukweli wake. Alizunguka ua mzima. Alichukua mboji mkononi, akainusa na kuifikicha. Kisha aliomba kiti, akakiweka mahali ambapo kaburi lilikuwa limependekezwa, na akaomba chakula aletewe papo hapo. Mama alimletea githeri. Alikula sahani mbili huku tumesimama tunamtazama kama watahiniwa wanaomtazama msahihishaji. Akafuta mdomo.

"Ciku," akamwambia shangazi, "hapa ni pasafi kuliko kwangu."

Kisha akawageukia vijana waliokuwa na majembe.

"Chimbeni."

Marehemu amemwacha mjane, Mama Kajuju; watoto Kanini, Nyamu na Murithi; wakwe zake; wajukuu saba, wakiwemo Mwenda na Beverlyne; ndugu yake Gichovi na dada yake Ciku; ukoo wote wa Ishiara; akina mama wa soko la Gakoromone; na majirani wa Mwirine. Alitanguliwa na wazazi wake pamoja na mjomba Mutugi.

Ndugu zangu, mko hapa tangu saa mbili asubuhi, nyinyi zaidi ya mia nne. Mmekula, mmeimba, mmekaa karibu na ua huu jua likipanda. Nimewaangalia muda wote kwa jicho la mwalimu, na sijamwona hata mmoja wenu aliyefunika pua. Baba, umesema kweli. Lala hapa kwa amani.